Harufu ya Uvundo Katika AC ya Gari: Kusoma Dalili, Kutafuta Chanzo na Kukiondoa

Katika miji ya pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, AC ya gari hufanya kazi karibu mwaka mzima, na gari ambalo AC yake haipumziki ni gari ambalo ndani yake kuna kitu kilicholowa wakati wote. Hapo ndipo inapozaliwa ile harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi, inayompiga dereva usoni asubuhi mara tu anapofungua feni. Wengi hununua manukato ya kuning'iniza kwenye kioo, wengine huenda kuongezewa gesi, na baada ya muda mfupi harufu hurudi, safari hii ikiwa imechanganyika na vanila. Mwongozo huu unashikilia jambo moja: uvundo katika AC ni tatizo la maji yaliyokaa mahali yasipopaswa kukaa, kwa hiyo kabla ya kupuliza dawa yoyote ni lazima kwanza pajulikane mahali hapo, na kinachopafichua kwa uhakika zaidi ni wakati ambao harufu inajitokeza.

Mifano itakayotajwa ni ya magari ya Kijapani yenye usukani wa kulia, kama vile Toyota IST, Passo na Noah, kwa sababu ndiyo yaliyojaa katika barabara zetu. Magari mengine hutofautiana mahali vifaa vilipofungwa, lakini si katika namna maji yanavyopita.

Kilichopo nyuma ya dashibodi

Nyuma ya dashibodi, kwa kawaida upande wa abiria wa mbele, kuna boksi la plastiki lililobeba evaporeta, ambayo mafundi wengi huiita kuling koili. Ni kifaa cha alumini chenye njia za gesi na vibati vingi vyembamba vilivyosongamana, na gesi inapopita humo uso wake hupoa hadi nyuzijoto chache tu juu ya sifuri. Hewa inayosukumwa na feni hupenya katikati ya vibati hivyo, joto lake hunyonywa, na mvuke uliomo hugeuka kuwa matone. Pwani, ambako unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, matone hayo ni mengi; ndiyo yanayoacha kidimbwi chini ya gari lililosimama huku injini ikiunguruma. Maji huteremka hadi chini ya boksi na kutoka kwa mpira mdogo uliopenyezwa kwenye sakafu, au kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria.

Kasoro iko katika kile kinachobaki. Dereva akizima gari AC ikiwa bado inafanya kazi, vibati hubaki vimelowa chapachapa ndani ya boksi lenye giza, na baada ya muda mfupi jua hulitia boksi hilo fukuto. Vumbi laini, chavua na nyuzi za nguo zilizopita kwenye filta ya hewa inayoingia ndani ya gari hunata hapo, na bakteria na kuvu hupata makao, maji na chakula kwa pamoja. Vijidudu hivyo hujenga utando unaoteleza juu ya alumini, na hewa chafu vinayoitoa ndiyo tunayoinusa. Kwa mtu mwenye pumu au mzio jambo hili si kero ya pua tu, kwa kuwa chembe za kuvu zinazopulizwa usoni zinaweza kumwamshia chafya na kubanwa na kifua.

Kutokana na maelezo hayo inaonekana wazi kwa nini kuongeza gesi hakuwezi kuondoa uvundo. Gesi ya AC huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa na haikutani na hewa tunayovuta. Tena haiishi kwa kutumika kama petroli inavyoisha, bali ikipungua maana yake inavuja. Fundi anayependekeza gesi kuwa dawa ya uvundo anauza gesi.

Kutumia pua kabla ya bisibisi

Uchunguzi unafaa kufanywa asubuhi, gari likiwa limelala vioo vimefungwa, na manukato yote yakiwa yameondolewa tangu siku iliyotangulia. Pua huzoea harufu haraka sana, na mwenye gari ndiye shahidi dhaifu kuliko wote. Ni vema kumwita mtu ambaye hapandi gari hilo kila siku.

Kwanza ingia, funga mlango, usiwashe chochote, kisha vuta pumzi. Ikiwa harufu ipo tayari, chanzo chake hasa ni kapeti, viti au buti, na AC inasingiziwa. Pili, washa feni kwa kasi ya wastani bila kubonyeza kitufe cha AC, hewa ikiwa inavutwa kutoka nje. Harufu ikianza hapo, tuhuma ziende kwenye filta, kwenye chemba iliyo chini ya waipa, na kwenye vibati vyenyewe. Tatu, bonyeza kitufe cha AC. Uvundo wa evaporeta una tabia yake: huja kwa nguvu katika dakika ya kwanza au ya pili, kisha hufifia baridi inapokolea. Ili kuuthibitisha, acha AC ifanye kazi kwa dakika 10 hivi, kisha izime huku feni ikiendelea. Vibati vinapoanza kupata joto huachia tena ile harufu, na ikirudi ndani ya dakika chache basi hakuna haja ya kubishana.

Hii ndiyo sababu wenye magari mapya kidogo, yale yanayozima injini yenyewe kwenye foleni ili kuokoa mafuta, hulalamika kwamba gari lao hunuka kwenye mataa tu. Injini ikizimika kompresa, yaani pampu inayozungusha gesi ya AC, nayo husimama, feni inaendelea kupuliza, evaporeta inapata joto, na uvundo uliokuwa umebanwa na baridi unaachiwa. Gari likiondoka, harufu nayo inaondoka, na fundi anayelijaribu barabarani anasema haoni tatizo.

Jaribio la mwisho ni kubadilisha kati ya hewa ya nje na kile kitufe chenye mchoro wa gari na mshale unaozunguka ndani yake. Harufu inayokuja kwa hewa ya nje peke yake imetoka chini ya boneti au kwenye chemba ya waipa. Ile inayozidi mshale unapozunguka ndani inanyonywa kutoka sakafuni na kurudishwa usoni.

Dalili ya kwanza: harufu kali wakati wa kuwasha, kisha hupungua

Anza na filta, kwa sababu ndiyo kazi rahisi zaidi na kwa sababu mara nyingi ndiyo mahali pa kusoma historia ya gari. Katika Toyota nyingi iko nyuma ya droo iliyo mbele ya abiria: droo hufunguliwa, kuta zake mbili hubonyezwa kwa ndani ili ishuke yote, kisha kifuniko chembamba cha plastiki hutolewa. Filta inayotoka kwenye gari lililoegeshwa miaka mingi chini ya mwarobaini ni ya kutazamwa vizuri. Mikunjo yake huwa imeziba kwa vumbi jekundu, kati ya mkunjo na mkunjo kuna vijani vilivyooza vikabaki mishipa tu, hapa na pale bawa la mende, na pembeni kuna alama ya maji yenye ukingo wa kahawia. Alama hiyo ina maana kubwa kuliko vumbi, kwa sababu filta ikilowa maji ya mvua huota kuvu yenyewe, na kuifuta vumbi au kuipiga upepo wa mashine hakuirudishi katika hali ya kufaa. Itupwe.

Filta mpya huwa na mshale unaoonyesha upande ambao hewa inaelekea, na ufuatwe. Watengenezaji wengi hupendekeza ibadilishwe kila mwaka au kila kilomita 15,000 hadi 20,000, lakini kwa anayepita barabara za vumbi kila siku muda huo ni mrefu mno. Ile yenye mkaa hupunguza harufu zinazotoka nje, kama moshi wa malori, lakini haiwezi kuzuia uvundo ambao chanzo chake ni evaporeta, ambayo hewa huifikia baada ya kupita kwenye filta. Kuna pia magari yaliyotoka kiwandani yakiwa na nafasi ya filta bila filta yenyewe. Mwenye gari la namna hiyo anaweza kuendesha miaka mingi huku evaporeta ikiwa ndiyo filta.

Filta ikishatolewa, fungua boneti na uangalie chemba iliyo chini ya waipa, yenye kifuniko cha plastiki chenye matundu. Hewa ya nje huingilia hapo, na majani yanayooza humo hutoa harufu ya udongo wa bustani. Yaondolewe kwa mkono, kisha mimina maji kidogo na uone kama yanatoka upesi pembeni; yasipotoka, mashimo ya chemba yameziba, na mvua kubwa ijayo itayapeleka maji moja kwa moja kwenye feni.

Baada ya hapo ndipo zamu ya evaporeta. Dawa inayofaa ni povu la kusafishia evaporeta za magari, lililo katika kopo lenye mrija mrefu mwembamba, na ubora wa kazi unategemea mahali mrija unapoingizwa kuliko jina lililoandikwa kwenye kopo. Mahali pazuri ni tundu la rezista ya feni (kifaa kinachodhibiti kasi ya feni), ambayo hufunguliwa kwa skrubu chache, au nafasi ya filta ikiwa katika gari husika filta imekaa kati ya feni na evaporeta. Njia nyingine ni kutokea chini, kwa kuingiza mrija kwenye mpira wa kutolea maji. Povu linalopulizwa kwenye matundu ya hewa ya dashibodi halifiki popote panapohusika.

Injini na feni viwe vimezimwa. Mrija uelekezwe kwenye vibati, na mota ya feni na nyaya ziepukwe. Povu hujaa katikati ya vibati, hukaa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, ambao mara nyingi ni kati ya dakika 15 na 30, kisha huyeyuka na kutoka kwa mpira wa maji. Weka beseni chini ya gari. Kwa evaporeta iliyokaa miaka mingi bila kuguswa, kinachodondoka mwanzoni huwa cheusi na kizito, kikiwa na vipande laini vya utando, na ikiwa kinachotoka bado ni cheusi mwishoni basi kazi irudiwe. Kisha fungua milango yote, washa injini, weka hita hadi mwisho na feni kwa kasi kubwa kwa dakika 10 au zaidi ili boksi likauke kabisa. Filta mpya iwekwe baada ya hapo, si kabla.

Makopo yanayowekwa sakafuni na kuachwa yajipulize yenyewe gari likiwa limefungwa hufanya kazi nyepesi. Yanafaa kwa kuburudisha njia za hewa baada ya usafi wa kweli, lakini hayawezi kung'oa utando mnene. Mengi yana gesi inayoshika moto, kwa hiyo maelekezo yake yafuatwe neno kwa neno, na asiwepo mtu anayevuta sigara karibu.

Kuhusu jiki, ambayo hupendekezwa sana kwa sababu kila nyumba inayo: klorini huua kuvu, ni kweli, lakini huila alumini, na evaporeta iliyotoboka ni gharama kubwa kuliko harufu. Kuichanganya na siki au ndimu ni hatari zaidi, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini yenye sumu. Mashine ya kuoshea magari nayo isielekezwe kwenye vibati, kwani hulala kwa msukumo mdogo tu, na vikilala hewa haipiti tena.

Dalili ya pili: kapeti la abiria limelowa, au maji hayadondoki chini ya gari

Egesha mahali pakavu, acha AC ifanye kazi kwa dakika 15, kisha chungulia chini upande wa abiria. Katika hali ya hewa ya Dar es Salaam au Tanga lazima maji yawe yanadondoka. Yasipodondoka huku AC ikitoa ubaridi wa kawaida, maji yanakusanyika ndani ya boksi. Hapo hujitokeza dalili nyingine mbili: mlio wa maji yanayochezacheza nyuma ya dashibodi gari linapokata kona, na kapeti la abiria linalolowa bila mvua.

Mpira wa maji huzibwa na tope la vumbi na utando, na wakati mwingine na nyigu wa udongo waliojenga ndani yake. Ukishaonekana, mara nyingi kinachohitajika ni kuupapasa na kuuminya kwa vidole hadi ute uliokauka mdomoni utoke. Isipotosha, tumia kipande cha mrija laini wa plastiki au waya uliokunjwa ncha isiwe kali, na uusukume taratibu, kwa sababu evaporeta yenyewe haiko mbali na waya unaochoma kwa nguvu unaweza kuitoboa. Upepo wa mashine utumike kwa shinikizo dogo tu. Mkubwa huchomoa mpira kwenye boksi kwa ndani, na kuurudisha kunaweza kudai kufungua dashibodi. Simama pembeni wakati wa kuzibua. Maji yaliyokaa humo muda mrefu hutoka kwa mkupuo, na harufu yake ndiyo ile ile ya asubuhi, ila imekolea mara nyingi zaidi.

Kapeti lililolowa halina budi kutofautishwa kabla ya kuulaumu mpira huo. Bonyeza karatasi ya tishu kwenye maji. Maji safi yasiyo na rangi wala utelezi, yanayoonekana baada ya safari yenye AC, ni ya evaporeta. Maji yenye rangi ya kijani au nyekundu na utelezi ni ya rejeta, na habari yake iko mbele. Maji yanayoonekana baada ya mvua au baada ya kuosha gari yameingia kutoka nje, na katika hili msimu wa masika hufichua mengi.

Dalili ya tatu: harufu ipo hata kabla ya kuwasha chochote

Hapa evaporeta huachwa kwa muda na uchunguzi huhamia kwenye sakafu. Chini ya kapeti la gari kuna sponji nene inayoweza kushika maji kwa wiki nyingi huku kapeti lenyewe kwa juu likihisi kavu, kwa hiyo kupapasa kwa kiganja hakutoshi. Ni lazima kuinua ukingo wa kapeti mlangoni na kuingiza mkono chini ya sponji.

Njia moja ya maji ambayo husahaulika ni mlango. Ndani ya kila mlango, nyuma ya pambo lake, kuna naironi iliyogundishwa ili maji yanayoteremka na kioo yatoke kwa mashimo ya chini badala ya kuingia ndani. Mafundi wa redio wanapofunga spika mpya huichana au kuibandua, na wachache huirudisha. Gari hupita kiangazi chote bila tatizo, halafu mvua za kwanza zikinyesha kapeti linalowa na lawama zinaiangukia AC, kwa kuwa hakuna anayekumbuka spika. Mbali na naironi hiyo, angalia raba za milango, gundi ya kioo cha mbele hasa kama kiliwahi kubadilishwa, mipira ya kutolea maji ya dirisha la paa kwa magari yenye dirisha hilo, na raba za taa za nyuma, ambazo zikichoka hujaza maji kwenye shimo la tairi la akiba. Kwenye buti kuna pia visa visivyohusiana na mvua: maji ya samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, yaliyovuja kwenye mfuko yanatosha kulinukisha gari zima.

Kulikausha gari la namna hii ni kazi ya siku kadhaa. Viti hufunguliwa, kapeti na sponji huinuliwa au kutolewa nje kabisa zikaanikwa, na sakafu hufutwa hadi iwe kavu. Waya za betri zitolewe kabla ya kuchomoa soketi zilizo chini ya viti, kwa sababu baadhi yake ni za mifuko ya hewa ya ajali. Magadi ya kuokea yakinyunyizwa kwenye kapeti kavu, yakaachwa usiku kucha na kufyonzwa kwa mashine, hupunguza mabaki ya harufu, lakini juu ya sponji mbichi hayana faida yoyote. Gari lililoingiliwa na maji ya bahari lina shida ya ziada, kwani chumvi iliyobaki kwenye sponji huvuta unyevu wa hewani kila usiku, na sponji ya namna hiyo haifai kuokolewa.

Harufu ambazo si uvundo

Harufu tamutamu, ikifuatana na ukungu wenye mafuta kwenye kioo cha mbele ambao kitambaa huusambaza badala ya kuufuta, ni dalili ya kuvuja kwa rejeta ndogo ya hita iliyo ndani ya boksi hilo hilo. Kwa kuwa magari mengi kwetu yamejazwa maji ya bomba badala ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), utamu huo unaweza kukosekana kabisa, na dalili zikawa ukungu kwenye kioo na maji ya rejeta yanayopungua bila kuonekana yanapovujia. Usiyaonje, kulanti ni sumu.

Harufu ya moshi wa ekzosi ndani ya gari haisubiri kesho. Kaboni monoksaidi iliyomo haina rangi wala harufu, na huua; vioo vifunguliwe na gari lipelekwe kwa fundi wa ekzosi. Kwa sababu hiyo hiyo kulala ndani ya gari lililofungwa huku AC ikiendeshwa na injini ni hatari, hasa ndani ya gereji au mahali pasipo na upepo. Harufu ya petroli na ya plastiki inayoungua nazo ni za kusimama na kuzima gari. Mara nyingi ile ya plastiki hutoka kwenye soketi ya feni iliyolegea au rezista yake, hasa kama feni inafanya kazi kwa kasi moja tu.

Mzoga hauna mficho. Harufu huzidi siku hadi siku, nzi hujitokeza, na feni hupata mtetemo. Feni hushushwa kwa skrubu tatu hivi kutoka chini ya droo ya abiria, panya au mjusi hutolewa, na boksi hupulizwa dawa ya kuua vijidudu.

Wakati povu halitoshi

Iwapo filta ni mpya, mpira wa maji uko wazi, sakafu ni kavu, povu limetumika ipasavyo na harufu ikarudi upesi, basi utando umeshikilia katikati ya vibati na kinachobaki ni kutoa evaporeta ioshwe nje. Katika baadhi ya magari inawezekana kuitoa kwa upande wa droo, na katika mengine ni lazima kushusha dashibodi nzima, kwa hiyo fundi aulizwe mapema ni ipi kati ya hizo mbili, maana tofauti ya kazi ni kubwa na vishikizo vya plastiki vya dashibodi kuukuu huvunjika.

Gesi huvutwa kwanza kwa mashine ya kuihifadhi. Kuiachia hewani, kama inavyofanyika katika gereji nyingi, ni uharibifu, kwani R-134a, gesi iliyomo katika AC za magari mengi, hupasha joto anga zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksaidi, na ni miongoni mwa gesi ambazo Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, makubaliano ya kimataifa, yanataka zipunguzwe. Evaporeta ikirudishwa, oringi (mipira ya duara) za viungio ziwe mpya, mfumo uvutwe vakyumu, yaani hewa iliyomo itolewe, kwa angalau nusu saa, kisha gesi ijazwe kwa kupimwa uzito kulingana na kibandiko kilicho chini ya boneti. Fundi anayejaza kwa kupapasa bomba hadi lipoe anakisia.

Wenye magari ya haibridi, kama Toyota Aqua na Prius, wana sharti lao. Kompresa yao huendeshwa kwa umeme wa volti nyingi, na oili yake lazima iwe ile isiyopitisha umeme iliyotajwa na mtengenezaji; oili ya kawaida ya AC ikiingia humo inaweza kuharibu kinga ya umeme na kuiua kompresa. Geji za kujazia gesi zilizotumika kwenye gari la kawaida bila kusafishwa zinatosha kuingiza oili hiyo. Anayeishika kazi hii awe anajua pia maana ya waya za rangi ya chungwa, ambazo ndizo zinazobeba umeme huo wa volti nyingi.

Kuzuia isirudi

Tabia moja ina nguvu kuliko dawa zote zilizotajwa, nayo haigharimu chochote. Dakika tano hivi kabla ya kufika, zima kitufe cha AC na uiache feni ikipuliza hewa ya nje. Ubaridi uliobaki kwenye evaporeta unatosha kwa sehemu ya safari hiyo, na vibati hukaushwa kwa hewa vuguvugu kabla gari halijafungwa. Mwanzoni harufu inaweza kutoka katika dakika hizo na kumfanya dereva adhani anaharibu, ilhali ndizo zinazovikausha vibati.

Kuzungusha hewa ya ndani kuna mahali pake, kwenye foleni ya malori au barabara ya vumbi, lakini kuiacha hivyo mwaka mzima, kama ilivyo desturi ya madereva wengi wa Dar es Salaam, hufungia ndani jasho na pumzi za abiria. Kwa wanaoishi Arusha, Mbeya au Nairobi kosa ni la upande mwingine: AC hukaa miezi ya baridi bila kuguswa, vumbi hurundikana kwenye vibati, na siku ya joto la kwanza vyote hulowa kwa pamoja. Kuiwasha kwa dakika 10 kila wiki, kisha kukausha kwa feni, husaidia pia oili ifike kwenye mihuri ya kompresa.

Magari yenye AC ya nyuma, kama Alphard na Hiace, yana evaporeta ya pili iliyofichwa ubavuni au darini, ikiwa na feni yake na mpira wake wa maji. Povu lililotumika mbele haliifikii. Kwa magari hayo majaribio ya asubuhi yafanywe mara mbili, mara moja feni ya mbele ikifanya kazi peke yake na mara ya pili ile ya nyuma, huku mtu mmoja akiwa amekaa kiti cha mwisho.